Kifuniko cha Mtumbwi: Pima Chombo Kabla ya Kununua Turubai

Mazungumzo na wenye mitumbwi ya tanga, mafundi na wafanyabiashara wa maturubai wa Musoma, Bunda na Butiama



  Tumekuja kuzungumza nanyi kuhusu kifuniko cha mtumbwi, yaani turubai linalowekwa juu ya chombo kinapokuwa kimevutwa nchi kavu kikisubiri safari nyingine.

Huenda mtu akajiuliza ofisi inayoshughulikia haki za mlaji ina habari gani na turubai. Jibu ni hili. Mtumbwi wa tanga ni mtaji wa nyumba. Ndani yake mna mbao, misumari, pamba ya kuzibia maungio, tanga, kamba na jasho la miaka. Mwenye mtumbwi anapotoa fedha kununua kifuniko, anakusudia kuulinda mtaji huo. Kifuniko kisipofanya kazi yake, hasara huwa mbili: fedha ya turubai imekwenda, na mtumbwi nao unaharibika bila mwenyewe kuona, kwa kuwa umefunikwa. Malalamiko ya namna hii ni magumu kuyatatua pale ambapo hakuna kipimo kilichoandikwa wala risiti, na kila upande unakumbuka maneno yake.

Kwa hiyo jambo letu kuu leo ni moja: kifuniko hununuliwa kwa umbo la mtumbwi utakaofunikwa. Unene wa kitambaa, rangi yake na sifa anazozitaja muuzaji hufuata baadaye. Mengine yote tutakayosema yanatokana na hilo.

MTUMBWI UKIPUMZIKA, UNALINDWA DHIDI YA NINI?

Mitumbwi ya ziwa letu hupumzika kwa sababu nyingi. Wavuvi wengi wa dagaa husimama siku za mbalamwezi, kwa kuwa mwanga wa taa hauwavuti dagaa ipasavyo mwezi unapong'aa. Wenye mitumbwi ya tanga huvuta vyombo vyao nchi kavu wakati wa matengenezo, wakati wa ugonjwa au msiba, na wakati fedha ya nyavu inapotafutwa. Wakati mwingine mapumziko hupangwa na Serikali. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Siku kumi za mbalamwezi zinaweza kuvumiliwa na mtumbwi usio na kifuniko. Miezi mitatu ni habari nyingine.

Adui wa kwanza wa mtumbwi uliopumzika ni jua. Musoma iko karibu nyuzi moja na nusu kusini mwa Ikweta, na uso wa Ziwa Viktoria upo mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua la hapa ni kali mwaka mzima. Mbao inayochomwa na jua husinyaa, maungio hufunguka, pamba hulegea, na rangi hupasuka. Siku mtumbwi unaporudi majini, maji huingia kila mahali, na mwenyewe hushangaa kwa kuwa alipouvuta nchi kavu ulikuwa mzima.

Adui wa pili ni mvua. Maji ya mvua yanayotuama ndani ya mtumbwi hayana chumvi, nayo huozesha mbao upesi kuliko maji ya bahari. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji unyevu. Mbao ambayo unyevu wake uko chini ya asilimia 20 haiozi. Iliyolowa kwa majuma mengi huoza, hasa kwenye mkuku, kwenye mataruma, na pale mbao mbili zinapokutana.

Adui wa tatu ndiye anayesahauliwa, naye ni unyevu uliofungiwa. Mama mmoja mwenye mitumbwi miwili alitueleza kwamba alinunua turubai nene la malori, akaufunika mtumbwi wake mpaka chini, akafunga kamba pande zote ili hata panya asipite. Baada ya masika alilifunua akakuta mbao zimeota ukungu mweupe na tanga lina madoa meusi. Akauliza, "Mvua haikuingia hata tone, maji haya yametoka wapi?" Maji yalikuwemo tangu mwanzo. Yalikuwa ndani ya mbao, ndani ya kamba na ndani ya tanga lililofungwa likiwa bichi. Mchana jua liliyapandisha yakawa mvuke. Usiku yaligusa turubai lililopoa, yakadondoka tena. Chombo kilikuwa kinanyeshewa kutoka ndani.

Kifuniko chema, basi, kina kazi tatu kwa pamoja: kutoa kivuli, kumwaga mvua nje, na kuruhusu hewa ipite. Turubai linaloweza kazi mbili za kwanza na kushindwa ya tatu halijamaliza kazi.

VITAMBAA VILIVYOPO SOKONI

Sokoni mtakutana na aina tatu kubwa, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni turubai jepesi la plastiki, ambalo wengi wetu tunalijua kwa rangi ya buluu, ya chungwa au ya kijani. Bei yake ni ndogo na halipitishi maji likiwa jipya. Udhaifu wake ni jua: nyuzi zake hukauka, hukatika na kuanza kudondosha vipande vidogo. Halipitishi hewa. Linafaa kwa siku chache za mbalamwezi, au kwa kusubiri kifuniko halisi kishonwe.

Ya pili ni turubai la malori, yaani kitambaa cha polista kilichopakwa plastiki pande zote mbili. Ni imara, linavumilia kuvutwa, na linakaa miaka likitunzwa. Ni zito, na halipitishi hewa hata kidogo. Anayelichagua ni lazima ashonewe matundu ya hewa, la sivyo atakutana na yale yaliyompata mama tuliyemtaja.

Ya tatu ni kanvasi ya pamba. Hii hupumua. Ikilowa, nyuzi zake huvimba na kuziba nafasi zilizo kati yake, ndiyo maana kanvasi mpya huvuja kidogo mvua ya kwanza kisha hutulia. Ina mambo mawili ya kuangalia. Husinyaa ikilowa mara ya kwanza, hivyo kitambaa kiloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, au fundi aongeze kipimo. Na huoza ikikunjwa na kuhifadhiwa ikiwa na maji.

Ndugu wa Butiama na Kiabakari, ambao wengi hununua maturubai kwa ajili ya kuanikia na kufunikia mazao, hesabu tunayoitoa sasa ni yenu pia. Uzito wa kitambaa hutajwa kwa gramu kwa kila mita moja ya mraba. Muuzaji akisema turubai ni la gramu 200, na ukubwa wake ni mita 4 kwa mita 5, basi eneo lake ni mita za mraba 20, na uzito wake unapaswa kukaribia kilo 4. Liwekeni kwenye mizani. Likiwa na kilo 2 na nusu, mnajua la kusema, na mnalisema bila ugomvi, kwa kuwa mizani imekwisha kusema. Kwa turubai la malori la gramu 600, kila mita 10 za mraba zinapaswa kukaribia kilo 6.

Liko jambo jingine la ukubwa. Maturubai mengi yaliyoshonwa tayari hutajwa kwa futi. Futi moja ni sentimita 30.48. Turubai la futi 18 kwa 24 ni mita 5.49 kwa 7.32. Aidha, ukubwa ulioandikwa mara nyingine ni wa kitambaa kabla ya kukunjwa upindo, na likishashonwa hupungua. Lifungueni, mlipime kwa futi kamba, ndipo mlipe.

KUPIMA NA KUSHONA

Kipimo huchukuliwa kwenye mtumbwi wenyewe. Kumwambia fundi kwamba mtumbwi wako ni "wa kawaida" ni kumwachia akisie, na mitumbwi ya ziwa letu haifanani, kwa kuwa kila fundi seremala ana mkono wake.

Kwanza, uamue mgongo wa kifuniko. Turubai likilazwa bapa juu ya mtumbwi, katikati litabonyea na kukusanya maji. Sentimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita 10, yaani kilo 10. Dimbwi la mita 2 kwa mita 1 lenye kina cha sentimita 5 lina uzito wa kilo 100. Uzito huo huchana mishono, huvunja fito, na mwisho humwaga maji yote ndani ya chombo mlichotaka kukikinga. Kwa hiyo pawepo mti au ufito unaopita juu kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, ukishikiliwa na vigingi vyenye umbo la panda. Foromali ya tanga, ikiwa ndefu ya kutosha, inaweza kufanya kazi hiyo. Urefu wa mgongo kutoka kwenye ukingo wa mtumbwi usiwe chini ya sentimita 40.

Pili, mgongo ukiwa umekwisha kuwekwa, chukueni kamba. Ipitisheni kutoka ukingo wa kulia, juu ya mgongo, hadi ukingo wa kushoto, mahali mtumbwi ulipo mpana kuliko kote. Tuchukue mfano wa mtumbwi wenye urefu wa mita 7 na upana wa mita 1.6, na mgongo wa sentimita 40. Kamba itasoma karibu mita 1.8. Ongezeni sentimita 30 kila upande ili maji yadondokee nje ya ubavu, mtapata mita 2.4. Ongezeni sentimita 5 za upindo kila upande, mtapata mita 2.5. Kwa urefu, mita 7 na sentimita 30 kila mwisho, pamoja na upindo, ni mita 7.7. Rudieni kipimo cha kamba karibu na omo na karibu na tezi, kwa kuwa mtumbwi huchongoka, na kifuniko kisichochongoka nao hupigwa na upepo.

Tatu, muulizeni muuzaji upana wa bunda. Kitambaa kikiwa na upana wa mita 1.5, mtahitaji vipande viwili vya mita 7.7, yaani mita 15.4. Hapa ndipo mita na yadi huleta mgogoro. Yadi moja ni sentimita 91.44. Aliyelipia mita 15.4 akapimiwa yadi 15.4 amepata mita 14.08 tu, amepungukiwa mita 1.3 na zaidi, kiasi cha kuacha tezi yote wazi. Simameni karibu kitambaa kinapopimwa, na muulize rula iliyopo mezani ni ya mita au ya yadi.

Nne, maungio. Vipande viwili vikutane kwa kulaliana kama bati za paa: kipande cha juu kimlalie wa chini, ili maji yapite juu ya mshono. Mishono iwe miwili. Uzi uwe wa polista, kwa sababu uzi wa pamba huoza na uzi wa nailoni hudhoofishwa upesi na jua. Kwenye kanvasi, mshono usuguliwe nta. Kwenye turubai la malori, maungio yakiunganishwa kwa joto huwa bora kuliko sindano, kwa kuwa kila tundu la sindano ni njia ya maji.

Tano, pembe na sehemu za msuguano. Mahali turubai linapogusa mgongo, ncha ya omo na vichwa vya mataruma, pashonewe kiraka cha ziada. Mabaki ya kitambaa yanatosha kwa kazi hiyo, na mabaki hayo ni mali ya aliyenunua kitambaa. Matundu ya kamba yawekewe pete za shaba. Pete za chuma hupata kutu na kukata kitambaa. Kati ya tundu na tundu pasizidi nusu mita.

Sita, hewa. Pawepo tundu la hewa karibu na kila mwisho, juu, chini kidogo ya mgongo, lenye kofia ya kitambaa inayotazama chini ili mvua isiingie. Ukubwa wa sahani ya chakula unatosha. Na pembezoni, kifuniko kisibane ubavu mpaka chini. Kiache nafasi ya mkono kupita.

KUFUNIKA NA KUTUNZA

Kifuniko kizuri kikiwekwa juu ya mtumbwi ulio na maji hakitausaidia. Mtumbwi utolewe maji na tope, uinuliwe juu ya magogo ili hewa ipite chini ya mkuku, na omo iwe juu kidogo kuliko tezi. Uachwe kivulini au chini ya mawingu siku mbili au tatu ukauke. Tanga lifunguliwe kutoka kwenye foromali, lioshwe kwa maji safi, likaushwe na kuwekwa nyumbani, mahali pasipo panya. Nyavu mbichi na kamba mbichi zisiwekwe chini ya kifuniko. Petroli isiachwe ndani, kwa kuwa mvuke wake hukusanyika chini ya turubai, na cheche moja inatosha.

Kuhusu jinsi ya kuulaza mtumbwi, wazee wa mwaloni wanaujua upepo wa ziwa kuliko sisi. Mchana huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mtumbwi ukilazwa omo au tezi ikitazama ziwa, upepo wa mchana utaingia tundu moja na kutokea jingine, na wa usiku utarudi njia ileile. Ukilazwa ubavu, upepo huinua turubai kama tanga na kulipigapiga mpaka lichanike.

Kamba za kifuniko zipite chini ya mtumbwi na kufungwa upande wa pili. Zisifungwe kwenye mataruma, kwa kuwa upepo mkali utayang'oa. Vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vikifungwa kati ya kamba na pete hulegea na kurudi, hivyo turubai halichaniki kwa mshtuko. Wengine huning'iniza mawe. Mawe hugonga ubavu. Chupa za plastiki zilizojazwa maji hufanya kazi hiyo bila madhara.

Kila juma, siku isiyo na mvua, kifuniko kifunguliwe saa chache. Mwenyewe apitishe mkono chini ya mataruma. Akikuta unyevu, aongeze hewa. Na kabla ya kuurudisha mtumbwi majini, akague maungio yote, agusegusegu mbao kwa ncha ya kisu mahali penye shaka, na azibe upya panapohitaji. Kifuniko hakichukui nafasi ya ukaguzi. Usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na masharti yake yanabaki palepale hata kama mtumbwi umetunzwa kama yai.

JE, NI LAZIMA KUNUNUA?

Tunasema wazi kwamba si lazima. Kazi yetu ni kumlinda mnunuzi, na wakati mwingine kumlinda ni kumwambia asinunue. Katika pwani ya Bahari ya Hindi, wenye majahazi na ngalawa wamekuwa wakivifunika vyombo vyao vilivyo nchi kavu kwa makuti tangu zamani. Makuti hutoa kivuli, humwaga mvua, na hupitisha hewa, kazi zote tatu. Huku kwetu nyasi za kuezekea zinaweza kufanya vivyo hivyo zikiwekwa juu ya fito, mbavu za kibanda zikiachwa wazi. Asiye na uwezo wa kununua turubai la kufaa ana heri kuwa na kibanda cha nyasi kuliko kuufungia mtumbwi wake ndani ya plastiki.

Kwa anayenunua, tunashauri apige hesabu kwa miaka. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, turubai moja linauzwa shilingi 60,000 na hudumu mwaka mmoja, na kifuniko kilichoshonwa kwa kipimo kinagharimu shilingi 200,000 na hudumu miaka mitano. La kwanza linamgharimu shilingi 60,000 kwa mwaka, la pili shilingi 40,000. Lakini hesabu hiyo ni ya kweli kwa yule tu atakayelitunza la pili miaka yote mitano.

MAKUBALIANO NA HAKI ZENU

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa sisi zaidi. Sheria za nchi yetu zinamlinda mnunuzi, ila zinamlinda vizuri zaidi yule aliyeweka kumbukumbu.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, akitegemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Ndugu zetu, hapa pana siri ndogo yenye uzito. Anayesema, "Nipe turubai," amenunua turubai. Anayesema, "Nataka turubai la kufunikia mtumbwi wa mita 7 utakaokaa juani na mvuani miezi mitatu," naye muuzaji akamchagulia, amenunua turubai linalopaswa kuifanya kazi hiyo. Ombeni maneno hayo yaandikwe kwenye risiti.

Sheria hiyohiyo inataka bidhaa iliyouzwa kwa kuonyeshwa sampuli ilingane na sampuli yake. Mkionyeshwa kipande cha kitambaa, kateni kiasi cha kiganja, muuzaji aweke sahihi yake juu yake, mkitunze pamoja na risiti. Kipande hicho kitasema kuliko mashahidi watano.

Kwa kazi ya fundi, andikeni karatasi moja yenye mambo haya: vipimo vya kifuniko kilichokamilika, aina ya kitambaa na uzito wake, aina ya uzi na pete, idadi ya matundu ya hewa, nani analeta kitambaa, bei yote, kiasi kilichotangulizwa, siku ya kukabidhi, na muda ambao fundi atarekebisha mishono bila malipo. Kila upande ubaki na nakala. Msilipe fedha yote mwanzoni. Sehemu ya mwisho ilipwe kifuniko kikiwa juu ya mtumbwi, baada ya kumwaga ndoo ya lita 20 juu ya mgongo wake mbele ya fundi. Maji yakishuka yote pembeni, kazi imekamilika. Yakituama au yakipenya mshono, kazi irudi mezani.

Na mafundi nao wana haki. Mnunuzi aliyeleta kitambaa hafifu hawezi kumdai fundi uimara wa kitambaa hicho. Aliyetoa vipimo kwa makisio, akakataa fundi asiende kuupima mtumbwi, amebeba mwenyewe sehemu ya hasara. Aliyechelewa kumaliza malipo hawezi kudai siku ya kukabidhi. Karatasi tuliyoitaja inamlinda fundi kama inavyomlinda mnunuzi, na fundi mwaminifu hana sababu ya kuiogopa.

Ikitokea mgogoro, anzeni kwa muuzaji au fundi mwenyewe, kwa maneno ya heshima, mkiwa na risiti, sampuli na picha. Isipowezekana, uongozi wa soko na afisa biashara wa halmashauri wanaweza kuwakutanisha. Lalamiko la kupunjwa urefu au uzito lipelekeni Wakala wa Vipimo. Lalamiko la ubora wa bidhaa ya kiwandani lipelekeni Shirika la Viwango Tanzania. Muuzaji aliyewapotosha kuhusu aina au sifa ya bidhaa anagusa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Na dai la fedha mlizotoa linaweza kufikishwa Mahakama ya Mwanzo. Katika njia zote hizo, swali la kwanza mtakaloulizwa ni lilelile: risiti iko wapi? Daini risiti ya kielektroniki kwa kila muuzaji anayepaswa kuitoa; kwa fundi mdogo asiye na mashine, karatasi yenye majina, tarehe, kiasi na sahihi itawasaidia.

Ndugu zetu, tunaomba mkitoka hapa mwende na mambo manne. Pimeni mtumbwi wenu kwa kamba, mgongo ukiwa umewekwa. Semeni na mwandike kazi ya turubai mnalonunua. Acheni hewa ipite. Bakizeni malipo mpaka maji ya ndoo yashuke pembeni. Haya hayahitaji elimu kubwa wala fedha ya ziada. Yanahitaji nusu siku ya kazi kabla ya fedha kutoka mfukoni, nalo ndilo hitaji ambalo wengi wetu hulipuuza.

 Wenye maswali, tutabaki hapa hadi jioni, na mwenye turubai lake karibu alilete tulipime pamoja.